Mwana Amerudi na Siasa za Profesa: Wazazi Tufanyeje?

Na karani wa parokia, Enguserosambu

Msomaji mpenzi, keti kidogo nikusimulie habari iliyotokea huku kwetu Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, karibu na mpaka wa Kenya. Labda nawe unaye mtoto aliye chuo kikuu, au unaye anayejiandaa kwenda. Basi habari hii ni yako pia.

Jumatatu moja ya kiangazi nilikuwa ofisini nikinakili majina katika daftari la ubatizo. Mara akaingia mzee mmoja, jirani yangu, miguu yake imejaa vumbi hata magotini, fimbo mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akaitika, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Karani, niandikie barua ya kwenda chuoni. Waambie mwanangu harudi tena. Masomo yametosha."

Nilistaajabu sana. Kijana yule ndiye wa kwanza katika boma lao kufika chuo kikuu. Juu ya mkopo anaopata serikalini, baba yake ameuza ng'ombe watano katika miaka miwili ili apate chakula, chumba na vitabu. Leo anataka kuyatupa yote hayo?

Mzee akanieleza. Kijana alikuja likizo. Jioni moja, mbele ya wageni wa baba yake, akasema kwamba profesa amewafundisha hivi: wafugaji ndio wanaoimaliza nchi. Malisho ya watu wote hayana mwenyewe. Kila mtu huongeza ng'ombe wake, hata mwisho majani yanakwisha na udongo unakuwa mtupu. Dawa yake ni kuigawa ardhi kwa watu binafsi, au kuwaondoa watu na kuiacha mikononi mwa Serikali. Mwanafunzi mmoja alipobisha darasani, aliambiwa kwamba analeta siasa za kabila, akakaa kimya. Kijana wetu hakubisha. Katika mtihani aliandika vile vile alivyoambiwa, akapata alama nzuri.

"Basi," mzee akasema, "nimeuza ng'ombe ili mwanangu afundishwe kwamba ng'ombe wangu ndio adui wa nchi."

Msomaji, huku kwetu neno hilo si la mchezo. Juni 2022 kilometa za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa mawe ya mipaka na kutengwa kwa ajili ya wanyamapori, na watu wengi wa vijiji jirani zetu walilazimika kutafuta malisho mahali pengine. Kwa hiyo mzee yule hakusikia somo tu. Alisikia mtoto wake mwenyewe akimhukumu mbele ya wageni.

Sikuiandika ile barua. Nilimwomba anipe wiki mbili, nisome, nizungumze na kijana, kisha nimjibu. Haya ninayokuandikia wewe ndiyo niliyomjibu yeye.

PROFESA NAYE NI MTU

Kwanza tukubaliane jambo moja. Profesa naye ni mtu. Ana maoni juu ya Serikali, juu ya vyama, juu ya ardhi na mali. Hupiga kura kama wewe. Tukitafuta mwalimu asiye na maoni yoyote, tutarudi nyumbani na jiwe.

Tena, kuna masomo ambayo hayafundishiki bila kuigusa siasa. Utafundishaje historia ya ukoloni, au sheria ya ardhi, au uchumi wa nchi maskini, bila kuzitaja serikali na matendo yake? Kwa hiyo kosa si kuitaja siasa darasani. Kosa ni mwalimu kuyafanya maoni yake kuwa ndiyo somo lenyewe, na kumpima mwanafunzi kwa kukubali kwake, wala si kwa maarifa yake.

Jambo hili si geni duniani. Novemba 1917, katika mji wa Munich nchini Ujerumani, mtaalamu aitwaye Max Weber aliwaambia wanafunzi kwamba mwenye kutaka kuhubiri siasa na aende barabarani, ambako watu waweza kumjibu. Darasani, alisema, mwalimu huzungumza na wanafunzi hawana budi kunyamaza. Basi si haki kuutumia ukimya wao. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 100, na bado ni kweli. Mhadhiri anayo kalamu ya kutia alama, na mwanafunzi hana kitu.

Nami nina la kukiri hapa. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, tulikuwa na mkufunzi aliyependa jibu moja tu, jibu lake. Niliyaandika maneno yake, nikapata alama, nikafurahi. Nilipopewa darasa langu la kwanza, mtoto mmoja wa kike aliniuliza swali lililopingana na daftari langu. Nilimwambia aketi. Aliketi, na mwaka mzima hakuuliza tena. Mpaka leo namkumbuka. Mwalimu huwafundisha wanafunzi wake somo, tena huwafundisha jinsi ya kuwatendea watu wasiokubaliana nao.

HABARI YA MLIMANI

Sasa twende Dar es Salaam, maana nchi yetu ina historia yake katika jambo hili, nayo yafaa kujulikana na kila mzazi.

Chuo Kikuu chetu kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 13 tu wa sheria, nacho kilianzia katika nyumba ya TANU, barabara ya Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali tunapopaita Mlimani mpaka leo. Wakati ule walimu wengi walikuwa wageni kutoka Ulaya na Marekani, na masomo mengi yalifuata mtindo wa Uingereza.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Baadhi ya mabango yao yalisema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Rais Nyerere alikasirika mno. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, na siku ile ile Rais akaupunguza mshahara wake mwenyewe. Watu wakaanza kuuliza: Je, ni mafundisho gani yanayotolewa kule kilimani, hata watoto wa wakulima waone ukoloni ni afadhali?

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka ule ule ukafanyika mkutano mkubwa chuoni juu ya kazi ya Chuo Kikuu katika nchi ya ujamaa. Baadhi ya walimu walisema hivi: Ninyi mnaodai kwamba masomo yenu hayana siasa, siasa mnazo, ila zimejificha. Kumfundisha kijana uchumi kana kwamba hakuna njia nyingine ila ile ya mabepari ni siasa pia. Wengine walijibu kwamba chuo kikuu kikifundisha itikadi ya chama kitageuka kuwa shule ya chama. Angalia, msomaji, pande zote mbili zilikuwa na neno la haki. Mafundisho yenye upande uliofichwa ni hatari, na mafundisho yenye upande uliolazimishwa ni hatari pia.

Baadaye somo la maendeleo likawa la lazima kwa wanafunzi wote, hata kwa wale wa udaktari na uhandisi. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipogawanyika na Dar es Salaam kusimama peke yake, makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtendaji mkuu wa TANU. Basi siasa haikuwa kwa walimu peke yao. Ilikuwa hata katika ofisi ya juu.

WALTER RODNEY

Katika walimu wa wakati ule hakuna aliyejulikana kama Walter Rodney. Alizaliwa Guyana, Amerika ya Kusini, mwaka 1942. Alifundisha historia Dar es Salaam mwaka 1966 na 1967, akaenda Jamaica, na Oktoba 1968 serikali ya huko ikamkataza kuingia tena. Akarudi Mlimani mwaka 1969, akakaa mpaka 1974. Kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972, London na Dar es Salaam.

Rodney hakuficha upande wake. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Marx, na alisema hivyo waziwazi. Wanafunzi wengi walimfuata. Mmojawapo wa viongozi wa chama chao cha kimapinduzi alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda mwaka 1986. Chama hicho kilikuwa na jarida lake liitwalo Cheche. Mwaka 1970 kijana mmoja wa sheria, Issa Shivji, aliandika humo kwamba hata Tanzania ya ujamaa ina tabaka la watu wanaojinufaisha kwa vyeo vya serikali.

Je, serikali ya ujamaa iliwapenda wajamaa hao? Wapi! Desemba 1969 gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkemea Rodney kwa tahariri kali kwa ajili ya hotuba aliyoitoa mbele ya vijana. Rodney akajibu kwa barua katika gazeti lilo hilo, na kazi yake hakunyang'anywa. Lakini Novemba 1970 Cheche ilipigwa marufuku, na chama cha wanafunzi wale kikavunjwa. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Akivaga, kijana wa Kenya, aliiandikia ofisi ya makamu mkuu wa chuo barua ya kulalamika. Akachukuliwa na askari wenye silaha na kurudishwa kwao, na wanafunzi wakagoma.

Kumbe basi, chuo kikisha kuzoea kwamba ukweli una upande mmoja, hata wenye upande ule wanaweza kuumia kesho.

Lakini kuna jambo jema la kukumbuka. Mwaka 1970 Rodney alikwenda Makerere, Uganda, akabishana hadharani na Ali Mazrui. Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa profesa wa siasa pale Makerere, tena alikuwa mkosoaji wa ujamaa. Mwaka 1967 aliandika kwamba wasomi wengi wanaipenda Tanzania kwa upofu. Watu wawili hawa walipingana karibu kwa kila kitu. Hata hivyo walikaa jukwaa moja, na wanafunzi wakawasikia wote wawili. Hiyo ndiyo elimu. Mwanafunzi aliyekuwapo aliweza kumchagua huyu, au yule, au kuwakataa wote, lakini alichagua baada ya kusikia.

MAJIRANI ZETU

Wazazi wengine husema: "Profesa mwenye siasa afukuzwe, au afungwe." Taratibu, ndugu. Tuwatazame majirani.

Nchini Kenya, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini mwisho wa Desemba 1977 bila kuhukumiwa. Alitoka Desemba 1978, wala hakurudishiwa kazi yake. Mwaka 1982 serikali ilisema kwamba wahadhiri wanawafundisha vijana uasi, ikawakamata kadhaa. Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia, alifungwa miaka 6. Willy Mutunga, mwalimu wa sheria, aliwekwa kizuizini. Lakini tazama mambo ya dunia: mtu huyo huyo mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya.

Nchini Uganda, wakati wa Idi Amin, makamu mkuu wa Makerere mwenyewe, Frank Kalimuzo, alichukuliwa Oktoba 1972, asionekane tena. Nchini Kongo, Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1954, kilipoteza wanafunzi kwa risasi tarehe 4 Juni 1969. Mwaka 1971 Mobutu akawaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu, na chuo kikachukuliwa na serikali.

Je, vyuo hivyo vilipona upendeleo baada ya kutishwa hivyo? La. Mwalimu aliyetishwa hawi mwadilifu kwa kutishwa, huwa mwoga. Naye mwalimu mwoga hufundisha upande wa mwenye nguvu, kisha huuita upande huo ukweli. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa.

Ndiyo maana mwaka 1990 walimu wa vyuo vikuu vya Tanzania walikutana na kutoa Azimio la Dar es Salaam, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo likatolewa jingine mjini Kampala. Maazimio hayo yalidai uhuru wa wasomi, ndiyo. Lakini yalitaja pia wajibu wao. Lile la Kampala linasema kwamba msomi ana wajibu wa kuwavumilia wenye maoni mengine na kukuza majadiliano. Yaani uhuru wa profesa si fimbo ya kumchapia mwanafunzi. Anayedai asizibwe mdomo na serikali, naye asimzibe mdomo kijana aliyeketi nyuma ya darasa.

SOMO LA MALISHO

Sasa turudi kwenye ng'ombe wa mzee. Je, yale aliyofundishwa kijana ni uongo?

Nilimwita kijana ofisini, tukakaa na madaftari yake. Maneno yale yanatoka katika makala ya Garrett Hardin, profesa wa Marekani, iliyotolewa Desemba 1968. Hardin alitaka hasa kuzungumza juu ya wingi wa watu duniani. Kwa mfano tu, aliwaambia wasomaji wawaze malisho yaliyo wazi kwa watu wote, kila mchungaji akiongeza mnyama mmoja, kisha mmoja tena, mpaka maangamizi. Zingatia neno lile, wawaze. Hakusema kwamba alikwenda kwa wafugaji fulani akahesabu ng'ombe wao. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1994, yeye mwenyewe aliandika kwamba maneno yake yanahusu malisho yasiyo na usimamizi.

Tena kuna upande wa pili, ambao haukuwamo katika daftari la kijana. Elinor Ostrom, mama wa Kimarekani, alikusanya habari za watu wa nchi mbalimbali wanaotumia malisho, misitu, maji na samaki kwa pamoja. Mwaka 1990 alitoa kitabu kuonyesha kwamba watu wa namna hiyo mara nyingi hujiwekea sheria, nao huzilinda. Kijiji kimoja cha milimani Uswisi, Törbel, kilikuwa na sheria tangu mwaka 1517 kwamba mtu asipeleke malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Mwaka 2009 Ostrom alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Nilimwuliza kijana: "Je, kwenu hakuna sheria?" Akacheka kwa aibu. Anajua vizuri kwamba olopololi, malisho ya karibu na boma, huachiwa ndama na wanyama wagonjwa. Anajua kwamba kuna malisho ya masika na malisho ya kiangazi, na kwamba wazee hukaa kuamua. Anajua kwamba msitu wetu wa Enguserosambu, wenye mierezi mikubwa, umesimama mpaka leo kwa sababu wazee hawaruhusu kila mtu aingie na shoka apendavyo. Yote hayo aliyajua tangu utoto, lakini alipoingia darasani aliyaacha nje kama viatu vyenye tope.

Hata hivyo tusiegemee upande wetu tu, tusije tukalifanya kosa lile lile. Malisho yakizidiwa hufa. Hilo ni kweli, na mzee analijua kuliko profesa. Watu wameongezeka, mvua hazina uhakika, na penye sheria za wazee siku hizi pana wasiozisikia. Kijana ana haki ya kuyasema hayo. Hardin alieleza jambo linaloweza kutokea. Ostrom alieleza jambo linaloweza kulizuia. Mwanafunzi aliyemsikia mmoja tu amepata nusu ya elimu, naye hulipia karo nzima.

Na nusu ya elimu ina nguvu ya kuhamisha watu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Uingereza, Profesa Pearsall, aliletwa kuitazama Serengeti, na taarifa yake ya mwaka 1957 ilitumika katika mashauri ya kuigawa nchi ile. Mwaka 1959 Wamaasai waliondoka katika Hifadhi ya Serengeti, na eneo la Ngorongoro likawekwa chini ya sheria yake. Upande mwingine, mwaka 1998, Issa Shivji, yule yule kijana wa Cheche ambaye sasa alikuwa profesa, aliandika pamoja na Wilbert Kapinga kitabu juu ya haki za Wamaasai wa Ngorongoro. Kila profesa kati yao alikuwa na mtazamo wake. Mtoto wetu na awasome wote.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mwanafunzi atajuaje kwamba mwalimu amevuka mpaka? Hizi ni dalili zinazoonekana.

Kwanza, mwalimu anatoa maelezo ya upande mmoja tu katika jambo ambalo wataalamu wenyewe wanabishana, wala hasemi kwamba kuna ubishi.

Pili, anachanganya habari na hukumu. "Maeneo fulani yalitengwa mwaka fulani" ni habari. "Ilikuwa haki" au "ilikuwa wizi" ni hukumu. Mwalimu mwema huonyesha mahali habari inapoishia na hukumu inapoanzia.

Tatu, swali linajibiwa kwa jina la kebehi. Mwanafunzi akiuliza, anaitwa mtu wa kabila, au kibaraka, au mpinzani, au mtu wa chama tawala. Kumpachika mtu jina si kumjibu.

Nne, na hii ndiyo kubwa, alama zinafuata ukubali. Anayekubali hupata nyingi, anayepinga kwa hoja nzuri hupata chache.

Lakini angalieni! Kutopendezwa na somo si dalili ya upendeleo. Kijana akipata alama chache kwa uvivu, asimsingizie profesa siasa. Naye mwalimu anayetuambia jambo lililo kweli, ingawa linatuuma, si adui yetu.

TUFANYEJE BASI?

Kwa mwanafunzi: Uliza kwa adabu, "Mwalimu, wanaopinga maoni haya wanasema nini?" Swali hilo halimtukani mtu. Kila ukisoma kitabu kimoja cha upande huu, tafuta kimoja cha upande wa pili. Katika mtihani onyesha kwamba umeyafahamu maneno ya mwalimu, kisha weka hoja yako na ushahidi wake. Ukiona umeonewa, zipo njia: kiongozi wa darasa, mkuu wa idara, rufani ya mtihani. Vyuo vikuu vina watahini wa nje wanaopitia mitihani, ndiyo kazi yao. Usikimbilie kumrekodi mwalimu kwa simu na kuyatawanya maneno yake ili aaibishwe. Leo utamfanyia yeye. Kesho mwingine atakufanyia wewe.

Kwa mzazi: Usimtoe mtoto chuoni kwa sababu ya neno moja. Ukimtoa, profesa yule atabaki na wanafunzi wengine, na darasani hatakuwapo mtu anayeijua olopololi. Mtoto akirudi na maneno mapya, usimnyamazishe. Wewe nawe usiwe profesa wa namna ile ile nyumbani. Mwulize, "Umelipataje neno hilo? Nani anasema vingine?" Kisha mwambie uyajuayo, kwa utaratibu, kama unavyomweleza mgeni.

Kwa mhadhiri, kama gazeti hili litakufikia: Sema upande wako ukipenda, lakini useme kwamba ni wako. Umwite na mpinzani wako darasani, hata kama ni kwa kitabu chake tu. Ukumbuke kwamba kijana aliyenyamaza mbele yako hakukubali. Labda anahesabu ng'ombe waliouzwa.

MWISHO WA HABARI

Baada ya wiki mbili mzee alirudi. Nikamsomea haya yote. Akaniuliza swali moja tu: "Yule mama wa Marekani, aliwahi kuchunga?" Nikamwambia sidhani, lakini aliwasikiliza wanaochunga. Akasema, "Hilo si dogo."

Kisha akanikumbusha desturi yao. Wazee wanapokaa chini ya mti kuamua jambo, mwenye kusema husimama na rungu mkononi, na wengine wote hunyamaza mpaka amalize. Lakini rungu halibaki mkononi mwake. Hutoka kwa huyu likaenda kwa yule, mpaka kila mwenye neno amelisema. "Profesa huyo," mzee akasema, "amelishika rungu vizuri. Ila hajui kulipitisha."

Siku nne kabla ya likizo kwisha, kijana alikaa na baba yake chini ya mgunga, daftari magotini, akaandika sheria za malisho moja baada ya moja: nani huamua, wakati gani, na mwenye kuvunja hutozwa nini. Zilijaza kurasa tisa. Mahali pengine mzee alikiri kwamba sheria fulani siku hizi haifuatwi, na kijana akaliandika hilo pia. Ameazimu kuzitumia kurasa hizo katika kazi yake ya mwaka wa mwisho, chini ya profesa yule yule.

Alama atakazopata bado hatuzijui. Huenda profesa akazipokea kurasa zile kwa furaha, huenda akazikataa. Lakini barua ile ya kumtoa chuoni haikuandikwa. Badala yake, siku ya mnada, mzee alipeleka mtamba mmoja, akarudi na nauli.

Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Msomaji mpenzi, mtoto wako akirudi likizo hii na neno lisilokupendeza, usikimbilie fimbo wala barua. Mpe kiti, mpe chai, umsikilize mpaka mwisho. Kisha naye akusikilize.